Mama ana figo hatua ya tatu: atembee au apumzike?

Binti_Kiboriloni: Habarini wapendwa. Mama yangu ana presha ya siku nyingi, na sasa kaambiwa figo zimefika hatua ya tatu. Daktari kamwambia atembee. Shida ni shangazi: kila akimkuta kavaa raba anamrudisha ndani, "utazimaliza hizo figo!" Siku hizi hata ndizi za sokoni mama anaagiza kwa bodaboda. Kuna utafiti wa kweli kuhusu haya mazoezi? Na figo zinaweza kurudi?

Mangi_Rau: Dada, huyo shangazi mtafutieni kazi nyingine.

Fizio_Majengo: Pole kwa kuuguza. Nianze na la mwisho: figo iliyoshafanya kovu hairudi kwa kutembea, na kama mazoezi yanapunguza kasi ya ugonjwa, tafiti bado hazikubaliani. Ila kinachowaangusha wagonjwa wengi wa figo ni miguu. Misuli inaisha, damu inapungua, na ukikaa inaisha zaidi. Hapo ndipo mazoezi yana ushahidi.

Waitaliano mwaka 2017 walitoa matokeo ya wagonjwa 296 wanaosafishwa damu. Waliopewa mazoezi walitembea taratibu dakika 10, mara mbili kwa siku, siku moja moja wakiruka. Baada ya miezi 6, umbali wanaoutembea kwa dakika 6 ulipanda kutoka mita 328 hadi 367. Wenzao walibaki palepale. Na hao wana hali nzito kuliko mama.

Mwongozo wa 2024 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, unasema dakika 150 kwa wiki, kadiri moyo na mwili unavyoruhusu. Asianzie huko. Aanze tambarare, mwendo wa kuweza kupiga soga lakini si kuimba. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, asimame, amwone daktari. Magoti yakiuma asikimbilie diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya duka la dawa. Hiyo ndiyo inayoumiza figo, shangazi angekemea hiyo.

Jingine: kabla ya kwenda kupima kreatinini, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo, asijichoshe sana wala asile nyama nyingi. Kreatinini inatoka kwenye misuli, namba itapanda bure na shangazi atapata ushahidi.

Mzee_wa_Mashine: Msitupambe. Waingereza waliwapa watu baiskeli za kukanyaga wakiwa kwenye mashine ya kusafisha damu, matokeo ya 2021: ubora wa maisha haukubadilika. Mimi nikitoka kusafishwa nalala tu. Kesho yake ndiyo natembea, maana nataka kuingia kanisani bila kushikwa mkono.

Fizio_Majengo: Kweli mzee wangu. Ila Wajerumani, 2023, waliofanya mazoezi mashineni mwaka mzima waliinuka na kukaa kitini mara nyingi zaidi ndani ya dakika moja kuliko wasiofanya. Dada, mpime mama hivyo hivyo: kiti kiegemee ukuta, mikono kifuani, andika kwenye daftari la kliniki. Na shangazi naye apimwe figo. Utafiti wa hapa hapa Kilimanjaro, uliochapishwa 2015, ulikuta asilimia 7 ya watu wazima wana ugonjwa huu, na wengi wao hawakujua.

Binti_Kiboriloni: Asanteni sana. Shangazi kupima kakataa kabisa, ila kakubali kumsindikiza mama sokoni asubuhi. Sasa hizo ndizi mama anaruhusiwa kula?

Fizio_Majengo: Ndizi zina potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, kwa hiyo inategemea potasiamu yake ikoje kwenye majibu ya damu. Muulizeni mtu wa lishe kliniki.