Kitabu cha Pearce: chapa ya 1920, ya 1967, au kukitoa kwa printa?

bintiMkunazini
Asalaam aleikum. Natafuta *Zanzibar: The Island Metropolis of Eastern Africa* cha Major F. B. Pearce, kwa kusoma na kunukuu historia ya Mji Mkongwe, si kwa kupamba kabati. Njia naona tatu: chapa ya mwanzo ya T. Fisher Unwin, London, 1920. Ile iliyochapwa tena na Frank Cass, 1967. Au kupakua skani ya bure na kuitoa kwa printa. Ipi bora?

Maalim_Kikwajuni
Waaleikum salaam. Kwa kazi hiyo, 1967, na wala usiumize kichwa. Ya 1920 thamani yake iko kwenye ukamilifu, na vitabu vya aina hii hukatwa ramani na picha zikauzwa peke yake kwenye fremu. Ukiipata, kabla ya kulipa omba picha ya ukurasa wa jina na wa nyuma yake, orodha ya picha, na ramani ikiwa imekunjuliwa. Kisha linganisha orodha na picha zenyewe, moja moja. Muuzaji akikwambia "hali nzuri kwa umri wake" tu, mwache.

WeteKwetu
Muhimu pia unataka nini ndani. Pearce alikuwa Mkaazi wa Uingereza hapa Zanzibar (mwakilishi mkuu wa serikali yao), na anaandika kama mtawala. Faida yake kubwa ni magofu: kwa Pemba, Pujini na Ras Mkumbuu amezieleza kwa urefu. Lakini kila ukuta wa mawe anautafutia asili ya Uajemi, na wachimbaji wa mambo ya kale waliokuja baadaye hawakukubaliana naye. Kwa mila za Wahadimu, Watumbatu na Wapemba, Ingrams, kwenye *Zanzibar: Its History and Its People* cha 1931, anampita. Kwa majumba ya Mji Mkongwe soma *The History and Conservation of Zanzibar Stone Town*, alichohariri Abdul Sheriff, 1995.

Mshona_Vitabu
Nitetee printa kidogo, maana ni rahisi na watu wanaiharibu bure. Pakua faili la rangi. Lile la nyeusi na nyeupe tupu hugeuza picha kuwa mabaka meusi. Hizo "chapa mpya" zinazouzwa mtandaoni mara nyingi zimetolewa humo humo, na ramani imeskaniwa ikiwa imekunjwa, unaona robo tu.

Kitabu kina kurasa 430 na ushei. Panga kurasa mbili za A5 kwenye kila upande wa A4, mashine igeuze kwa upande mfupi (ukichagua mrefu, nyuma inatoka kichwa chini). Kunja karatasi 4 kwa pamoja, upate kurasa 16, na vikundi vyote vitakuwa kama 28. Shona kwa uzi kwenye mkunjo. Gundi peke yake kwa joto letu hulainika, na karatasi zinaanza kudondoka.

Kasoro moja haina dawa kwa karatasi ya dukani: nyuzinyuzi za ndani ya karatasi ya A4 kwa kawaida zinakwenda kwa urefu, kwa hiyo mkunjo wa A5 unazikata. Kitabu kitakuwa kigumu kufunguka, na masika kurasa zitajikunja mawimbi.

Maalim_Kikwajuni
Hiyo masika ndiyo adui wa ya 1920 pia. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65, koga inashika, na karatasi za picha zenye mng'aro zikilowa hugandana. Ukizibandua rangi inatoka nayo. Mende nao wanapenda gundi ya majalada ya kitambaa. Usikifunge kwenye mfuko wa plastiki kikiwa na unyevu. Kikiwa na wadudu: kikaushe, kifunge vizuri, kiweke kwenye friza, nyuzi joto 18 chini ya sifuri, kwa wiki mbili, kisha kikae nje siku nzima *kabla* ya kufungua mfuko, ama kitatoka jasho ndani.

bintiMkunazini
Ahsanteni sana. Nachukua 1967, na ramani naitoa kwa rangi kwenye A3.

Mshona_Vitabu
Sawa, ila ikipunguzwa ili ienee, pima kwa mstari wa maili uliochorwa, usiamini uwiano wa namba ulioandikwa kwenye ramani.