Tupeane uzoefu: kukimbia peku kwenye rafurodi, nyayo zinajisikiaje?

Peku wa Sakina
Habari zenu wakuu. Mi nakimbia peku tangu mwaka jana mwezi wa sita, natokea Sakina naingia njia za ndani kuelekea Ngaramtoni, siku nne kwa wiki. Nimeanzisha uzi kwa sababu kila anayeniona njiani ananiuliza swali hilo hilo, "huumii?", na mi nashindwa kumjibu kwa neno moja.

Siku ya kwanza niliumia, tena sana. Nilianza kwenye vumbi laini nikasikia raha, halafu nikaingia kipande ambacho walikuwa wamemwaga moramu mpya, vile vikokoto vyeusi vya huku kwetu vyenye ncha, na hapo nikawa nasikia kila kokoto peke yake, hii iko chini ya dole gumba, hii iko kisiginoni, hii imeingia kwenye kile kibonde cha katikati ya unyayo na hiyo ndo mbaya kuliko zote maana pale ngozi ni nyembamba na haijazoea kuguswa na kitu. Mabega yakapanda mpaka masikioni, meno nimeyauma. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye ngazi nikaangalia nyayo, hakuna jeraha hata moja, nyekundu tu na zinawaka kama nimepaka pilipili, na joto lile halikutoka mpaka usiku.

Sahivi kipande kile kile napita. Kokoto ziko pale pale. Kilichobadilika kwanza si ngozi, ni namna ya kukanyaga. Niligundua nikikaza mguu kokoto inachoma, nikiulegeza mguu na magoti, hatua fupi za haraka haraka, natua na sehemu ya mbele halafu kisigino kinagusa kidogo tu, basi kokoto ile ile inanisukuma tu. Kuna kusukumwa na kuna kuchomwa, na ni vitu viwili tofauti kabisa. Ngozi ilikuja kunenepa baadaye, kama miezi mitatu hivi, na si magaga, magaga ni ngozi iliyokauka ikapasuka, hii ni nene halafu laini, ukiibonyeza na kidole inarudi.

Karibuni wadau, hasa wa Arusha na Moshi, tupeane uzoefu.

Mama wa Kibosho
Mwanangu umenikumbusha mbali. Sisi Kibosho tulisoma msingi peku, viatu vilikuwa vya kanisani Jumapili. Asubuhi ya mwezi wa saba kuna ukungu na baridi, unatoka kihambani, yaani shamba la nyumbani, unapita katikati ya isale, ile mimea ya mpakani, umande umejaa kwenye majani, miguu inakufa ganzi kabisa kabla hujafika barabarani, na hapo ndo ulikuwa unajikwaa kwenye jiwe usisikie chochote mpaka uko darasani damu imeshakauka. Mchana sasa mnarudi mnashindana kukimbia, mteremko wote ule, mawe, mizizi, na sikumbuki hata siku moja nikifikiria nikanyage wapi. Mguu ulikuwa unajua wenyewe.

Nimevaa viatu miaka thelathini na kitu. Mwaka huu nimeenda nyumbani kwa msiba wa shangazi, nikavua viatu nitembee kutoka kwetu mpaka kwao, mwendo ambao nikiwa mtoto nilikuwa naumaliza kabla jasho halijatoka. Jamani nilisimama mara nne, nikashikilia migomba, machozi yananilenga, na sikulia kwa maumivu tu. Nilijiona kama mgeni kwetu. Nilienda kuchovya miguu kwenye mfongo, ule mfereji wa maji pale chini kwetu, maji ya mlimani yale ya baridi, nikakaa pale mpaka wakaja kunitafuta.

Tangu hapo navua viatu nikiwa shambani, kidogo kidogo. Kukimbia bado.

Njiro Block C
Shikamoo mama. Mkuu mwenye uzi, naomba niongezee onyo kwa wanaotaka kuanza. Mi nyayo hazikunishinda, kilichonishinda ni mashavu ya miguu. Wiki ya kwanza nilikimbia kilomita sita peku kwa sababu nilikuwa nazoea kumi nikiwa na raba, kesho yake nilishindwa kushuka ngazi, nikashuka kinyumenyume nimeshika ukuta. Nikapumzika siku mbili nikarudia, mguu wa kushoto ukaanza kuuma juu ya unyayo pale nyuma ya vidole, ukavimba, daktari akaniambia mfupa umeanza kupata ufa mdogo, wiki sita bila kukimbia. Raba yenye kisigino kirefu inaufanya mshipa ule mkubwa wa nyuma ya kisigino uzoee kukaa mfupi, ukiivua ghafla unaubebesha kazi ambayo haujaifanya miaka. Anzeni na dakika tano, sisemi kwa utani.

Chalii wa Pasua
Mi nakimbia Moshi, nimejaribu karibu kila aina ya ardhi hapa mjini. Vumbi la huku Pasua ni laini ila linaficha vitu, vifuniko vya soda, vipande vya chupa, na mbigili wakati wa kiangazi, ule mwiba wake hata ukianguka vipi kuna ncha inaangalia juu. Msitu wa Rau ni peponi, udongo una unyevu, majani yameoza chini, unyayo unazama kidogo unarudi, unasikia ubaridi unapanda mpaka kwenye goti. Kokoto za reli usijaribu, zile ni kubwa zina kona na zinacheza, unakanyaga moja inageuka, kifundo kinaondoka.

Ila kilichonishangaza ni lami. Nilidhani lami ndo rahisi. Nilikimbia peku Kilimanjaro marathon zile za nusu, mnatokea Ushirika mnaipanda barabara ya Mweka, kupanda sikuwa na shida, kushuka ndo kulinimaliza, kwa sababu kwenye lami laini unajiachia, mguu unasugua bila wewe kujua, na jua la mwishoni mwa mwezi wa pili mnalijua. Nilimaliza na malengelenge mawili makubwa kama shilingi mia mbili, moja kila mguu, chini ya vidole. Kwenye changarawe haijawahi kunitokea hata siku moja, maana changarawe ukisugua tu inakwambia hapo hapo.

Peku wa Sakina
Chalii wangu hapo umesema kitu nilichokuwa natafuta maneno yake. Lami inakudekeza halafu inakudai baadaye.

Nesi mstaafu
Wanangu nimesoma yote. Naomba mnisikilize. Pepopunda ipo, inaingia kwenye kidonda kirefu cha kuchomwa na msumari au mwiba, hakikisheni mmechanja. Mwenye kisukari asithubutu, kwa sababu mguu wake unaweza kuwa na ganzi, anachomwa hajui, nimehudumia watu walikuja na kipande cha chupa ndani ya unyayo wanasema wanasikia harufu tu. Na sehemu ambazo watu wanajisaidia porini msipite peku, minyoo ya safura inapenya kwenye ngozi ya mguu mzima kabisa, huhitaji hata mchubuko. Funza nao wanapenda vumbi kavu, kaguaneni katikati ya vidole. Ukirudi osha na sabuni, kausha, angalia nyayo zote mbili kwenye mwanga.

Msomi wa viungo
Nashukuru mama nesi. Mi nasomea tiba ya viungo. Wengi tunaamini sugu ikiwa nene mguu unakuwa mzito wa kuhisi, yani kama umevaa soli. Mwaka 2019 jarida la Nature lilitoa utafiti wa Lieberman wa chuo kikuu cha Harvard na wenzake, walilinganisha watu Kenya na Marekani, waliozoea kutembea peku na waliozoea viatu. Wakakuta sugu nene haipunguzi uwezo wa unyayo kuhisi ardhi. Kwa hiyo mwenye uzi anaposema kokoto inamsukuma badala ya kumchoma, si kwamba mguu umekufa ganzi, anaisikia vile vile, ila haimtishi tena. Na lile la kutua na mbele ya mguu walishaliandika 2010, kwa wakimbiaji wa Kenya waliokulia peku.

Njiro Block C
Na Abebe Bikila, yule mkimbiaji wa Ethiopia, je? Olimpiki ya Roma 1960 alishinda marathon peku, kwa muda wa saa 2:15:16, na sehemu ya njia ile ilikuwa ya mawe ya kupangwa.

Msomi wa viungo
Kweli kaka, viatu alivyopewa havikumkaa vizuri akaona bora avivue, na miguu yake ilishazoea. Ila 1964 Tokyo alishinda tena, akiwa na viatu, na kwa muda mzuri zaidi. Mi ndo maana sipendi ubishi wa viatu au bila viatu. Mtu achague.

Mama wa Kibosho
Nesi dada yangu asante, kumbe ndo maana mama yetu alikuwa anatukagua vidole kila jioni na koroboi. Mwanangu wa Sakina, nikija Arusha mwezi ujao kwa binti yangu naweza kuja nione hicho kipande cha kokoto?

Peku wa Sakina
Karibu sana mama yangu. Natoka saa kumi na mbili na nusu, jua ndo linachomoza na kokoto bado zina ubaridi wa usiku, huo ndo wakati wake mzuri. Tutatembea tu, mita hamsini kwenda na hamsini kurudi, nitakushika mkono. Njoo na ndala mfukoni, ukichoka unavaa.