Jumba la Jiji la Manchester: nianzie wapi kulichambua?

Mchora_Ramani: Habari za jioni wakubwa. Niko mwaka wa tatu wa usanifu majengo, nimepewa kazi ya kuchambua Jumba la Jiji la Manchester, Uingereza. Madirisha yamechongoka juu, mnara umepaa, utadhani kanisa kuu, kumbe ni ofisi za meya! Na kiwanja chenyewe ni cha pembe tatu. Aliyewahi kuingia anisaidie.

Kaka_Mkubwa: Huo ni mtindo wa Gothic, ule wa makanisa makuu ya kale ya Ulaya, uliofufuliwa enzi za Malkia Victoria. Msanifu ni Alfred Waterhouse, yule yule wa Makumbusho ya Historia Asilia, London. Ujenzi ulianza 1868, likafunguliwa Septemba 1877.

Mama_Ancoats: Mdogo wangu, mnara una mita 85 lakini uache kwanza. Anza na ramani. Kwenye shindano la kumchagua msanifu, kwa uzuri wa sura mchoro wa Waterhouse uliwekwa wa nne. Alichowapitia wenzake ni mpangilio, mwanga na hewa. Ukumbi Mkuu aliuweka katikati ya ile pembetatu, ofisi akazipanga pembeni zitazame barabarani, korido zikapita upande wa ndani. Jiji lilikuwa limejaa moshi wa viwanda, kwa hiyo mwanga haukuwa jambo dogo. Hata jiwe la nje, kutoka Bradford, lilichaguliwa kwa ugumu wake ili listahimili masizi.

Halafu nje ya mlango wa Ukumbi Mkuu, inama utazame sakafu. Ni mozaiki, vijiwe vidogo vidogo vimepangwa vikawa nyuki, alama ya jiji lenye kuchapa kazi, na maua ya pamba. Hapo ndipo jumba linataja pesa zake zilikotoka. Na kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, sehemu kubwa ya pamba ya Manchester ililimwa na kuvunwa na watumwa. Liandike hilo. Inaniuma kuona watu wanasifia nakshi tu, mashamba hawayagusi.

Mchora_Ramani: Shikamoo mama, asante sana. Na ni kweli Malkia alikataa kuja kulifungua?

Mama_Ancoats: Marahaba mwanangu. Ni kweli, hakuja. Alilifungua meya, Abel Heywood. Mtu huyu mwaka 1832 alifungwa miezi minne kwa kuuza gazeti lisilolipiwa kodi ya stempu, gazeti la bei ambayo mfanyakazi aliimudu. Leo kengele kubwa ya mnara, yenye zaidi ya tani 8, inaitwa Great Abel kwa jina lake. Mimi naona alistahili kuliko Malkia.

Usiache michoro 12 ya ukutani ya mchoraji Ford Madox Brown. Nenda kwenye ule wa John Kay, mvumbuzi wa kifaa kilichoharakisha ufumaji. Wenye hasira wamefika dirishani kuvunja mashine zake, naye anazongwa shuka ili atoroshwe, mkewe akimbusu. Tazama nyuso za watoto wake.

Jumba lilifungwa Januari 2018 kwa ukarabati mkubwa, kwa hiyo kila picha ya ndani utakayotumia, angalia tarehe yake kwanza.