Naomba ushauri: kuhamia kilimo hai cha korosho, Manyoni

Ndugu wanajamvi, nina ekari sita za mikorosho Manyoni, nami nafikiria kuhamia kilimo hai, yaani kisichotumia dawa wala mbolea za viwandani. Kinachonisukuma si bei pekee: msimu uliopita, baada ya kupuliza dawa ya mbu wa mikorosho (wadudu wanaofyonza machipukizi yake), mke wangu alikohoa usiku kucha, na mizinga yetu ya nyuki ukingoni mwa shamba ikabaki kimya. Ninachohofia ni miaka mitatu ya mpito inayotakiwa na masharti ya Ulaya kwa mazao ya kudumu, kwani katika muda huo nitauza kwa bei ya kawaida huku mavuno yakiweza kupungua. Mliokwisha kuhama, nini hasa kiliwashawishi? Na majimoto, wale sisimizi wanaoshona majani na kuwala mbu hao, je, wanastahimili kiangazi chetu kirefu?