Wikendi za fildi ya MBA zinaliwa na mameneja wasiojua kukagua kazi, halafu lawama anabebeshwa mwanafunzi

Wakuu, siendi mbali. Kila kiangazi wanafunzi wa MBA (shahada ya uzamili ya biashara) wanaokwenda fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, wanaimbiwa wimbo uleule: "jifunze kupanga muda wako." Ofisi ya ajira ya chuo inasema hivyo, watu wa rasilimali watu wanarudia siku ya kwanza kazini, na wahitimu waliotangulia nao wanakazia. Huu ni uonevu. Muda wa mwanafunzi wa fildi unapangwa na yule anayekagua kazi yake, na mkaguzi huyo mara nyingi hufungua faili Ijumaa jioni.

Tupige hesabu, maana watu wanazungumzia "mizani" ya kazi na maisha bila kutaja namba. Fildi ya kawaida ni wiki 10. Kampuni za ushauri wa biashara huchukua 8 hadi 10, za teknolojia hufika 12. Ukianza Jumatatu ya kwanza na kumaliza Ijumaa ya wiki ya 10, wikendi zilizo katikati ni 9. Moja inakwenda kwenye kutafuta chumba, kuhamia na kukamilisha makaratasi. Nyingine inamezwa na tathmini ya katikati, karibu na wiki ya 5. Mbili za mwisho ni za mawasilisho ya kufunga. Kuna Jumamosi moja ya matembezi ya kampuni, ambayo ni kazi tu iliyovaa nguo za nyumbani, kwa sababu watakaoamua kama utapewa ofa ya ajira wote wapo pale wanakuangalia. Zinabaki 4.

Sasa chukua wiki moja ya saa 80 kazini, jambo la kawaida kwenye benki za uwekezaji. Wiki ina saa 168. Toa 80. Toa 49 za kulala, yaani saa 7 kwa usiku, na hapo hujadekezwa. Toa saa 3 kila siku za usafiri, kuoga, kula na kufua, jumla 21. Unabaki na saa 18. Zikitawanyika kwa siku saba ni kama saa mbili na nusu kwa siku, ambazo hazikupeleki popote wala hazikupumzishi. Zikikaa pamoja ni Jumamosi nzima. Ugomvi wote uko hapo: je, saa hizo 18 zitabaki mkupuo mmoja, au zitakatwakatwa na ujumbe wa "una dakika tano?"

Na zinakatwa hivi. Jumatatu unapewa swali lisiloeleweka. Jumanne na Jumatano unasaka takwimu, nusu yake ziko kwa mteja au idara nyingine isiyojibu. Alhamisi usiku unatuma rasimu ya slaidi 15. Ijumaa meneja anashinda vikaoni, anaifungua saa kumi na mbili jioni na kukurudishia maoni 30, akitaka ikae sawa Jumatatu saa tatu asubuhi kwa sababu mkubwa wake ataiona. Sema kati ya hayo 30, 20 ni herufi, rangi na maneno, dakika chache kila moja. Sita yanataka takwimu zivutwe upya. Manne yaliyobaki yanabadilisha swali lenyewe. Ni hayo manne yanayokula Jumamosi na Jumapili, na yote manne yangeweza kusemwa Jumatano kwa dakika 15. Meneja alikuwa na siku nne za kuyasema. Halafu anayeambiwa hana mpangilio ni mwanafunzi!

Kwa hiyo, kwa walioko fildi sasa hivi, wikendi inaokolewa katikati ya wiki. Jumanne kabla ya saa kumi jioni tengeneza slaidi tupu: vichwa tu, kila kichwa kikiwa sentensi kamili inayotoa jibu, na chati zimechorwa kwa mkono. Usiweke takwimu. Omba dakika 15 za Jumatano na umuulize meneja mambo matatu: swali ni hili kweli? Kipi kikikosekana utakataa kazi nzima? Nani mwingine ataiona, na lini? Swali la tatu ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu mara nyingi ile "Jumatatu asubuhi" ni mazoea, na mkubwa mwenyewe hana nafasi mpaka Jumatano. Ombi la takwimu kwa mteja litoke Jumatatu hiyohiyo, likiwa na tarehe na jina la mtu wa kufuatilia. Alhamisi mchana tuma kilichopo hata kikiwa na mashimo, mashimo yakiwa yameandikwa "inasubiri takwimu". Ijumaa saa nane mchana, kabla meneja hajazama kwenye vikao vya mwisho, mtumie mistari mitatu: kilichokamilika, kilichobaki, na saa utakayokileta. Ongeza wa nne: "Nitakuwa nje ya simu kuanzia Jumamosi saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, Jumapili asubuhi nipo." Usiombe ruhusa hapo. Unatoa taarifa, na unampa meneja dirisha la kufanyia kazi yake.

Na kama lazima kazi iingie wikendi, ipewe Jumapili asubuhi saa tatu au nne mfululizo. Wanaogawa saa mbili Jumamosi na saa mbili Jumapili wanapoteza siku zote mbili, kwa sababu kompyuta ikishafunguliwa maoni mapya yanaingia.

Kinachonikera zaidi ni kwamba haya si mageni kwa waajiri. Agosti 2013 mwanafunzi wa miaka 21 aliyekuwa fildi kwenye benki jijini London alikutwa amekufa. Uchunguzi ulibaini kifafa, na afisa aliyeusimamia alisema uchovu huenda ulichangia lakini hakuna uhakika. Miezi michache baadaye benki nyingine, Goldman Sachs, iliwazuia wachambuzi wake wadogo kufanya kazi kuanzia Ijumaa saa tatu usiku hadi Jumapili saa tatu asubuhi. Mwaka 2015 ikawaambia wanafunzi wa fildi waondoke kabla ya saa sita usiku na wasirudi kabla ya saa moja asubuhi. Lakini mwaka 2021 wachambuzi 13 wa mwaka wa kwanza wa Goldman hiyohiyo walijihoji wenyewe na kupata wastani wa saa 95 kwa wiki. Benki ya JPMorgan iliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki mwaka 2024, isipokuwa dili likiwa hai, yaani biashara ya mteja ikiwa katikati ya kukamilishwa. Isipokuwa! Dili likiwa hai ndipo watu wanapokesha. Kikomo kinachoachia mlango huo kinamlinda mwajiri kuliko mfanyakazi.

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa matokeo mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Mkataba namba 106 wa Shirika la Kazi, wa mwaka 1957, unahusu biashara na maofisi, na unataja mapumziko ya saa 24 mfululizo kila siku saba. Mfululizo, wakuu. Neno hilo limekuwepo tangu 1957.

Vyuo navyo visijifiche. Ofisi za ajira zinahesabu waliopata ofa na wastani wa mshahara, basi. Ongezeni swali moja kwenye fomu anayojaza mwanafunzi akirudi chuoni: ulifungua kompyuta ya kazi wikendi ngapi kati ya zote? Wekeni jibu kwa kila idara, si kwa kila kampuni, kwa sababu ndani ya jengo moja timu mbili zinaishi maisha mawili tofauti. Darasa linalofuata lione kabla ya kusaini.

Nanyi wenzetu mnaotuma slaidi Jumamosi saa saba usiku ili muonekane, mnawaumiza wengine bila faida. Ofa inaamuliwa kwenye kikao cha siku za mwisho, ambapo mtu mmoja au wawili waliokufahamu wanakutetea kwa kutaja kazi uliyoifunga. Anayeweza kutajwa ni yule aliyemaliza swali moja vizuri. Kama ni lazima uandike usiku, panga barua pepe itoke Jumatatu asubuhi.

Sasa safari za wikendi, maana huko ndiko watu wanakoharibikiwa kizembe. Usikate tiketi isiyorudishwa kwa wikendi ya kabla ya tathmini ya katikati wala zile mbili za mwisho. Kaa umbali wa saa mbili au tatu, na rudi Jumapili kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kabla ya kuvuka mpaka na kompyuta ya kazi, uliza kitengo cha teknolojia, kwa sababu kampuni nyingi zinafunga akaunti inayoonekana nchi nyingine bila taarifa. Alhamisi, ukiwa bado na watu wa kukusaidia, jaribu kuingia ukiwa nje ya mtandao wa ofisi: nywila ikiisha muda Jumamosi utabaki nje hadi Jumatatu, na simu yenye namba za uthibitisho ikizimika ni hivyohivyo. Hakikisha pia mwenzako kwenye timu ana ruhusa ya kufungua faili lako. Bila hivyo, kosa la tarakimu moja ambalo yeye angelirekebisha kwa dakika mbili litakurudisha wewe kutoka ufukweni.

Walioko wiki ya 6 au ya 7: mwambieni meneja wiki hii kwamba mnataka maoni yake makubwa juu ya mawasilisho ya mwisho kabla ya Jumatano ya wiki ya 9. Akisema hana nafasi, ombeni tarehe nyingine papo hapo na iingie kwenye kalenda yake mkiwa bado mmesimama mezani kwake.