Je, "ndugu zangu walio wadogo" wa Mathayo 25 ni waumini wenzetu peke yao?

Mkazi wa Dunda, Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba msaada wa wanaoyafahamu Maandiko kuliko mimi. Jumuiya yetu ndogo ndogo ina mfuko wa huruma ambao kila familia huuchangia siku ya Jumamosi. Mwezi uliopita mchukuzi mmoja wa soko la samaki, Mwislamu aliyepanga chumba jirani na kwangu, alivunjika mguu, na kwa siku tatu hakuwa na wa kumpikia. Nilipopendekeza tumsaidie, mwenyekiti alisoma Mathayo 25:40, "kadiri mlivyomtendea mmojawapo wa hao ndugu zangu walio wadogo, mlinitendea mimi", akasema kwamba Kristo ametaja "ndugu zangu", na ndugu wa Kristo ni waliobatizwa. Mjadala ukaishia hapo. Uji nimepeleka kwa fedha zangu mwenyewe, lakini moyo haujatulia, kwa kuwa sura hiyo inazungumzia hukumu ya mwisho, wala si taratibu za kugawa fedha za kikundi. Je, mwenyekiti amesoma sawasawa?

Katekista mstaafu, Lugoba

Milele na milele, amina. Mwenyekiti wenu hakuibuni hoja hiyo, kwani wapo wafafanuzi wa Biblia wanaoishikilia hadi leo, na wana pa kuegemea. Katika Mathayo 12:50 Yesu anasema kwamba ndugu yake ni yule afanyaye mapenzi ya Baba, na katika 10:42 anaahidi thawabu kwa atakayempa mmoja wa wadogo hao kikombe cha maji ya baridi kwa sababu ni mwanafunzi. Kwa usomaji huo, mataifa yanahukumiwa kwa namna yalivyowapokea wajumbe wa Injili waliopita kwao wakiwa na njaa, wageni, hata wafungwa.

Lakini tazameni usomaji huo unatuweka wapi: sisi ndio tunaokuwa wadogo, na yule mchukuzi ndiye anayeulizwa alitutendea nini! Haumpi Mkristo ruhusa hata kidogo ya kumpita aliyelala na mguu uliovunjika. Tena swali la kutaka kujua mipaka ya wajibu lilikwisha kuulizwa katika Luka 10 na mwanasheria aliyetaka kujionyesha kuwa na haki, akiuliza "jirani yangu ni nani?", naye akajibiwa kwa habari za Msamaria, mtu ambaye Wayahudi hawakuchangamana naye, aliyemhudumia majeruhi aliyeachwa njiani.

Nanyi mnakaa Bagamoyo! Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika hapo mwaka 1868, wakawapokea watu waliokombolewa utumwani, hawakungoja kwanza wabatizwe ndipo wapewe chakula. Sisemi kwamba misheni ile haikuwa na kasoro, maana waliokombolewa walifanyishwa kazi mashambani kwa ratiba kali, na hilo nalo lisifichwe.

Mlutheri wa Tanga

Bwana Yesu asifiwe. Nakubaliana na mwalimu, ila nina hofu moja: tusije tukafundisha kwamba mtu huununua ufalme kwa uji. Waefeso 2:8-9 husema tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo, ingawa wengi wetu hufunga kitabu kabla ya mstari wa 10, unaosema tuliumbwa tutende matendo mema. Katika Mathayo 25:34 wenye haki wanaambiwa waurithi ufalme, na mrithi hapokei mshahara. Ndiyo maana wanashangaa na kuuliza ni lini walimwona Bwana akiwa na njaa. Hawakuwa wameweka hesabu.

Nilichunga utotoni, Handeni

Sura hiyo inasema Mfalme atawatenga watu kama mchungaji atengavyo kondoo na mbuzi, kondoo kulia na mbuzi kushoto. Kondoo wa kwetu hana manyoya mengi, na kwa mbali mgeni humwita mbuzi. Mchungaji hutazama mkia: wa kondoo umelala, wa mbuzi umesimama. Mchana kutwa wamekula malisho yale yale. Jambo linalonitisha katika sura hiyo ni kwamba wale wa kushoto hawatajiwi wizi, uzinzi wala uuaji. Wanasomewa tu mambo ambayo hawakuyafanya. Wenzetu Wakatoliki katika Misa huungama kwamba wamekosa hata "kwa kutotimiza wajibu", na nadhani maneno hayo husemwa haraka mno.

Mkazi wa Dunda, Bagamoyo

Nawashukuru nyote. Jana nilimpelekea mwenyekiti hoja ya mwalimu kuhusu nani anayekuwa mdogo katika usomaji wake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema hajashawishika kuhusu mstari wa 40, ila hana jibu la Luka 10, na kwamba suala la mfuko lirudishwe kikaoni Jumamosi. Mgonjwa ameanza kuinuka kwa kushikilia ukuta. Mwenye kujua yanapopatikana magongo ya kutembelea kwa bei nafuu, hapa mjini au hata Chalinze, naomba anielekeze kabla ya siku hiyo, ili niende kikaoni na bei mkononi.