MREJESHO: Makaa ya mawe yaliyokuwa yanajipasha moto mgodini

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu njia ya zamani ya chini ya ardhi mgodini kwetu, ambako makaa yalikuwa yanajipasha moto yenyewe: harufu kama ya mafuta ya taa, kuta zinatoka jasho, na hakuna aliyewasha kitu. Asanteni sana.

Aliyesema "msihangaike na maji, mkatieni hewa" ndiye tuliyemsikiliza. Tulizoa chenga za makaa mlangoni, tukajenga ukuta wa matofali na kuupiga lipu, tukaacha kibomba cha kupimia hewa ya nyuma yake. Kaboni monoksidi (gesi ya sumu inayotoka makaa yanapopata moto) ikashuka kutoka ppm 60 (sehemu 60 kwa kila milioni ya hewa) hadi 35, halafu ikagoma. Nilipuliza unga wa chaki pembeni mwa ukuta, ukavutwa ndani ya ufa kama ugoro puani! Mwamba wenyewe ulikuwa unavujisha hewa kuingia ndani. Ikabidi tubomoe kingo, tuchimbe mfereji kwenye mwamba na kuuzamisha ukuta humo. Sasa ni wiki ya tatu, ppm 8, oksijeni nyuma ya ukuta asilimia 3.

Naitrojeni mliyoshauri tupulize humo kufukuza oksijeni imetushinda kwa gharama. Kwa hiyo hatufungui, hewa isije ikaingia na makaa yakapata moto tena, ila tunapima kila zamu. Bosi anataka tufungue mwezi ujao, nimemkatalia.